Aliyeshona Midomo

Jumatatu asubuhi Msusi alimkuta kaka yake amekaa mlangoni anatunga uzi. Uzi wenyewe haupo. Sindano nayo haipo. Ni vidole tu, vile vidole vyake vinene vya kuchomelea mageti, vimeshika hewa, na kila baada ya muda analamba ncha ya kitu kisichoonekana, anakifinya, anakipitisha kwenye tundu.

"Kaka, unashona nini?"

"Mm."

"Mm ndiyo nini? Umeacha mageti, siku hizi unashona magauni?"

Siku nyingine angerudishiwa matusi mawili ya bure na kicheko juu. Mtaa mzima ulimwita Chuma, na Chuma hakuwahi kumwachia mtu neno la mwisho. Leo alitabasamu tu, mdomo umefungwa, akaendelea kutunga.

Msusi akajisemea, labda kachoka, maana Jumamosi walitembea kweli. Vijana wa kanisani kwao walikuwa na utaratibu wao: wanatoka wawili wawili mchana kweupe, wanagonga kwa mtu wasiyemjua, wanauliza, "Tunaweza kukuombea?" Ukifukuzwa unasema asante, unasogea mlango wa pili. Yeye na Chuma walifukuzwa mara tatu. Mlango wa nne ulikuwa nyuma ya mashine ya kusaga, chumba cha mama mmoja fundi cherehani, na binti yake wa shule akawaambia mama hajatoa neno miezi saba, ingawa hospitali wamesema koo zima na ulimi mzima. Chuma akamwekea mkono kichwani, akaomba mpaka shati likalowa, na yule mama akafumbua mdomo akasema, "Ahsanteni, wanangu."

Binti alimrukia Chuma shingoni akalia kama mtoto mchanga. Njiani kurudi Msusi alikuwa haigusi ardhi kwa furaha. Chuma alikuwa kimya. Msusi akadhani ni unyenyekevu. Chuma na unyenyekevu, wapi na wapi.

Jumatatu hiyo hiyo mchana ikaja harufu, kitambaa kinachoungua na pasi, wakati pasi ilikuwa kabatini imepoa. Ikafuata sauti. Taka-taka-taka, kimya, taka-taka-taka, kama cherehani ya miguu, kwenye nyumba ambayo haijawahi kuwa na cherehani. Mama yao akazima redio.

"Umesikia?" akanong'ona.

"Ni kwa jirani, mama."

"Jirani gani anashonea chini ya kitanda cha kaka yako?"

Hakuna aliyeinama kuchungulia.

Jumanne midomo ya Chuma ilikuwa imekutana. Haikuvimba, haikuwa na kidonda, imebanana tu, na ngozi ya juu ikiwa imevutwa vikunjo vidogo vidogo vilivyopangana sawasawa, kama pindo la suruali, na Msusi alipojaribu kumnywesha maji kwa kijiko yakamwagikia kidevuni yote, na macho ya kaka yake yakamtazama kwa namna ambayo hajawahi kuiona, macho ya mtu anayepiga kelele nyuma ya mlango uliofungwa kwa nje.

"Hilo jini," mama akasema polepole. "Mmeenda kutoa nyoka kwenye shimo la watu, mkamtia mfukoni mkaja naye. Mtoto hali, hanywi. Keshokutwa tunazika."

Msusi akampigia Spika, kiongozi wa vijana wa kanisani, jina alilopewa kwa sababu sauti yake haikuhitaji umeme. Saa sita jua la utosi akafika na vijana watatu. Hata yeye alipomwona Chuma aliomba kwanza kiti.

Wakaanza. Waliomba mpaka jasho likadondoka sakafuni, na kadiri walivyoomba ndivyo cherehani ilivyokwenda mbio chini ya kitanda, taka-taka-taka-taka bila kupumua, na harufu ya kuungua ikajaa hata wakakohoa, na Chuma akajipinda mgongo huku vidole vyake vikiwa vimeufikia mdomo wake mwenyewe vinashona, vinavuta, vinashona, mpaka Spika akasimama akanguruma, "Pepo, nakuamuru, rudi ulikotoka." Wote wakadaka. Rudi ulikotoka. Rudi ulikotoka. Msusi ndiye aliyepaza sauti kuliko wote.

Kikasikika kitu kinakatika. Pu. Pu. Pu. Midomo ikaachia, na cherehani ikanyamaza kwa mkupuo.

"Maji," Chuma akasema. Akanywa jagi zima. "Na nyie mnaomba weee, hata mkate hamkuja nao?"

Mama alikaa chini akacheka na kulia. Vijana wakaanza wimbo. Msusi akapiga magoti kando ya kaka yake, akamfuta kidevu.

"Lilikuwa linasema nini?"

Chuma akamvuta sikio karibu. "Mwanzo lilikuwa linabisha. Mlivyoliambia lirudi, likafurahi. Likasema kule njia linaijua."

Msusi hakumuaga mtu. Alikimbia na ndala moja mguuni, akapita soko, akapita mafundi baiskeli waliomzomea, akilini akiomba mlango ule uwe umefungwa, wenyewe wamesafiri, wamehama, chochote, na huku anajua ni mdomo wake yeye uliolielekeza pale, kwa watu ambao hawakumwomba chochote, yeye ndiye aliyebisha hodi.

Mashine ya kusaga ilikuwa imezimwa. Akagonga.

Ndani, mama fundi alikuwa anaimba, sauti nzuri ya mtu aliyeikosa miezi saba. Msusi akashusha pumzi. Yuko salama.

Binti ndiye aliyefungua. Alisimama pale mlangoni, machozi yanamchuruzika, asiseme karibu wala nani.

"Mwanangu," mama yake akaita kutoka ndani, "kuna nani hapo? Mbona huniitikii?"