Uongo Uliozuia Maziwa ya Donatus

Mwaka 1983 Eufrasia alikuwa darasa la tano katika kijiji kimoja karibu na Geita. Kila jioni alikwenda kisimani na ndoo, huku mama yake akimnyonyesha Donatus, mtoto wa wiki tatu. Baba yake, Makoye, alichimba dhahabu na wenzake katika duara, yaani shimo lao, mbali na kijiji. Alirudi nyumbani kila Ijumaa.

Ijumaa moja Eufrasia alisimama njiani kutazama wacheza ngoma. Jua likazama, na ndoo haikuwa na hata tone. Akijua mama atagomba, alitunga uongo usio na kichwa wala miguu. Alipofika nyumbani alimwita mama yake kwa Kisukuma:

"Mayu, watu kisimani wanasema duara la kina baba limeporomoka!"

Mama alipiga yowe, akaanguka chini puu. Eufrasia alishtuka vibaya. Alitaka kusema ni uongo, lakini majirani walikwisha kujaa uani, akanyamaza. Alijipa moyo kwamba baba angeingia wakati wowote.

Baba hakuja. Hapo kila mtu aliamini, kwa sababu duara likiporomoka hakuna mchimbaji anayeondoka mpaka waliofukiwa wapatikane. Wanaume wawili wakatoka kwenda kumtafuta.

Usiku kucha Donatus alinyonya, akaachia titi, akalia hadi asubuhi. Matiti ya mama yalikuwa yamejaa, lakini maziwa hayakutoka. Jirani mmoja alikuja na uji wa mtama amnyweshe mtoto. Mama alikataa, akampeleka zahanati pamoja na Eufrasia. Sauti ya mtoto ilikuwa imekauka kwa kulia.

"Umepata mshtuko gani, Mama Eufrasia?" aliuliza Nesi Justina.

Mama alipoeleza, Eufrasia hakuweza kuvumilia tena.

"Nesi, ni uongo! Nimeutunga mimi."

Mama alimkodolea macho kama asiyemjua. "Baba yako yu hai?"

"Sijui, mayu. Sikusikia lolote."

Kabla mama hajasema neno, Makoye aliingia mbio, vumbi mwili mzima. Wale wanaume walikuwa wamekutana naye njiani. "Niko mzima! Duara limetema dhahabu, tukalala huko tukilinda mawe yetu yenye dhahabu."

Mama alilia, kisha akacheka. Nesi alimketisha, akamlaza Donatus kifuani pake, akawaomba wote wanyamaze. Baadaye kidogo maziwa yalishuka, na mtoto akayagugumia.

"Chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya mbaazi," Nesi alimweleza Eufrasia. "Mtoto anaponyonya, tezi hiyo hutoa homoni inayosukuma maziwa. Lakini mtu akishtuka sana, ubongo hutoa kemikali nyingine zinazoizuia. Maziwa yapo, ila hayasukumwi."

"Lakini baba hakupatwa na chochote!"

"Ubongo wa mama yako ungejuaje? Ulikuamini wewe. Wewe ulikwepa kugombezwa, mdogo wako akalala na njaa. Ukikosea, sema kweli mapema."

Eufrasia alipiga magoti mbele ya mama yake. "Nisamehe, mayu."

Mama alimpa Eufrasia mtoto amcheulishe.

"Mimi nikigomba, hasira huisha jioni hiyo hiyo," alisema. "Usiniogope tena hadi ukamzika baba yako akiwa hai."