Kuku Ndani ya Mfuko wa Barua

Mfuko wa barua ulipofunguliwa, bahasha ya kaki haikuwemo. Alikuwemo kuku.

Mtetea mwekundu, mzima wa afya, miguu imefungwa kwa kamba ya majani ya mlala, katulia juu ya barua za watu kana kwamba naye amebandikwa stempu. Dena Ngala, mwenye duka la Ganda ambalo hukusanya barua za kijiji, alimtazama dereva aliyekuja kuzichukua. Dereva akamtazama Dena. Ilikuwa Jumanne alasiri, saa kumi kasorobo, mwezi wa Oktoba, mwaka wa 1986.

Jumatano asubuhi Inspekta Gerishom Musyoka aliingia kituo cha polisi cha Malindi akakuta kazi imeshafanywa. Konstebo Kambi, mzaliwa wa Ganda hiyo hiyo, alikuwa amemtia Dena pingu, na kuku amemfunga kwenye mguu wa meza ya mapokezi.

"Huyu ndiye mshukiwa, afande."

"Yupi kati yao?"

"Dena. Kuku ni kielelezo."

"Kielelezo kimepewa maji?"

"Kimeshataga, afande."

Mlalamikaji alikuwa ameketi kwenye benchi, mkoba mapajani. Jina lake Waruguru, mama wa miaka arobaini na mmoja, mtu wa bara aliyehamia Malindi na cherehani yake na kufungua ushonaji mtaa wa Shella. Ncha za vidole vyake zilikuwa ngumu kwa kuchomwa na sindano, na kimoja kilikuwa na doa la wino lisilotoka.

"Ndani ya bahasha mlikuwa na nini, mama?"

"Daftari, kurasa mia na arobaini. Na mchoro wa ukoo."

"Thamani yake?"

Waruguru alifikiri. "Miaka miwili."

Akaeleza. Alikuwa ameishia darasa la saba. Sasa alikuwa akisoma kwa posta, somo la mwanzo la tamaduni za watu, kwenye chuo kimoja cha Nairobi. Chuo kilimletea vijitabu na kanda za kaseti, naye akizisikiliza huku anashona, akisimamisha cherehani kila mwalimu alipotaja neno gumu. Zoezi la mwisho lilikuwa kukaa na boma moja na kuandika wanavyoishi. Yeye alichagua boma moja la Ganda. Kila Jumapili kwa mwaka mzima, akitoka kanisani, alikwenda huko kwa miguu na daftari lake. Jumanne asubuhi alipeleka nguo za mteja huko huko Ganda, akaiacha bahasha dukani kwa Dena.

"Lazima lipigwe mhuri wa posta kabla ya Ijumaa jioni," alisema. "Kozi yenyewe inafungwa mwaka huu. Hakuna kurudia."

"Na Dena anaingiaje?"

Kambi alidakia. "Alimtisha, afande, na mashahidi wapo. Alisema kile kitabu angekitia moto."

"Kwa sababu gani?"

Waruguru aliinamisha macho. "Niliandika kwamba hulala dukani."

"Ni uongo huo," Dena alisema kutoka kwenye kona yake. "Mimi hufumba macho tu."

Inspekta alichuchumaa mbele ya kuku, akaifungua ile kamba taratibu. Kwao Ukambani mama yake alisokota katani pajani maisha yake yote, na mwana wa msokotaji haangalii kamba kama watu wengine. Aliigeuza mwangani. Uzi wake ulikuwa umepinda kinyume.

"Mfungue pingu," alimwambia Kambi, kisha akampa Dena nyuzi mbili za mlala. "Sokota."

Dena akasokota. Uzi ulipinda upande ule wa kawaida.

"Hii ya kuku imesokotwa na mtu wa mkono wa kushoto," Inspekta alisema. "Na ni fundi. Hakuna uzi hata mmoja uliochomoza."

"Huenda alipewa na mtu," Kambi alisema.

"Huenda. Ndiyo maana bado yuko hapa. Mama Waruguru, una nakala yoyote ya kazi yako?"

"Ninayo madaftari ya kwanza, yale machafu. Na vijitabu vya chuo. Natembea navyo."

Inspekta aliviomba. Alidhani angevipitia kwa dakika kumi. Saa saba chai ilikuwa imemgandia kikombeni, mahamri mawili hayajaguswa, naye bado anasoma.

Mwanamke huyu alikuwa ameona kila kitu. Aliandika nani huanza kunawa na nani humalizia, mkeka gani hutandikiwa mgeni wa siku moja na upi wa mgeni wa kulala, jinsi wakwe wanavyopishana njiani bila kutazamana usoni, jinsi mahindi ya mbegu yanavyoning'inizwa juu ya moshi wa jiko na nani peke yake anaruhusiwa kuyashusha. Alipokosea, hakufuta. Alikata kwa mstari mmoja na kuandika pembeni, "Sikuelewa. Niulize tena." Inspekta alikuwa na miaka kumi na saba katika upelelezi na hakuwahi kuandika maelezo safi namna hiyo.

Katika kijitabu cha tatu Waruguru alikuwa amepigia mstari sentensi moja, mara mbili. Watu hawasimulii wanachokiona kila siku. Usiulize kilicho kigeni, uliza kilicho cha kawaida.

Inspekta alikifunga kijitabu, akaenda kwa Dena.

"Jana mchana nani aliingia dukani?"

"Nimeshamwambia Kambi. Hakuingia mtu."

"Sawa. Sasa niambie Jumanne yoyote inavyokuwa. Usiniambie ya jana."

Dena alishangaa kidogo. "Jumanne? Jumanne ni siku ya barua. Asubuhi watu huleta barua zao. Adhuhuri nala. Baada ya hapo..."

"Unafumba macho."

"Nafumba macho. Saa kumi kasorobo gari linakuja."

Inspekta alisoma kutoka kwenye daftari chafu. "'Dena hulala kuanzia saa nane hadi saa tisa na nusu, kichwa juu ya mizani. Mizani huonyesha ratili kumi na moja.'"

Kambi alikohoa kuficha kicheko.

"Na ukiwa umefumba macho," Inspekta aliendelea, "kibarazani huwa pana nani?"

"Hapana mtu. Ni Hawe Mapenzi tu."

"Hawe Mapenzi ni nani?"

"Hawe ni bibi, afande," Kambi alisema. "Ndiye mkubwa wa lile boma aliloliandika huyu mama."

"Dena, mbona hukumtaja?"

"Nimtaje kwa nini? Yeye haingii, yeye yupo. Kila Jumanne na kila Alhamisi, tangu duka hili ni la marehemu baba. Anakaa pale na ukili wake, anasuka, anangoja gari. Anauliza kama kuna barua yake. Namwambia hakuna. Anakwenda zake."

"Barua kutoka kwa nani?"

"Kwa mwanawe, Thoya. Alikwenda kazini zamani, mimi sijazaliwa."

"Anasukia mkono gani?"

Dena alinyanyua mikono yake miwili, akaitazama kama inayoweza kumkumbusha. Akashusha wa kulia.

Waruguru, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, alikaa kwenye benchi ghafla.

"Ule mchoro wa ukoo, mama," Inspekta alimwambia, "uliuchora wapi?"

"Mezani kwangu. Juu ya hili daftari."

Inspekta alifungua ukurasa mtupu uliofuata, akachukua penseli, akaupitisha ubavu wa ncha yake juu ya karatasi, polepole, kama mtu anayepaka mafuta kikaangoni. Mikwaruzo ikaanza kutokea myeupe. Pembetatu kwa wanaume, duara kwa wanawake, mistari ya ndoa, mistari ya watoto. Ukoo mzima ukajitokeza. Juu ya baadhi ya alama palikuwa na mstari wa kukata, na mmoja ulikuwa umezama kuliko yote.

"Mstari huu maana yake nini?"

"Waliokufa," Waruguru alisema.

"Na huyu, ambaye kalamu imepita juu yake mara mbili?"

"Thoya." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nilisita, kisha nikaurudia."

"Nani alikwambia amekufa?"

Waruguru aliweka kidole juu ya pembetatu ile.

"Hakuna, bwana Inspekta. Miaka thelathini na minne bila barua. Nilihesabu mwenyewe."

Walifika Ganda saa tisa, wote wanne na kuku. Hawe Mapenzi alikuwa ugani, miguu kainyosha, ukili umemzunguka. Mkono wake wa kushoto ulikwenda na kurudi, na haukusimama walipokaribia.

"Shikamoo, mama," Inspekta alisema.

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea kuku au umeniletea pingu?"

"Nimeleta kuku. Pingu anazo Kambi."

"Kambi nilimpokea kwa mikono hii siku anazaliwa, na alikuwa kichwa kikubwa vile vile. Azirudishe mfukoni."

Kambi alizirudisha mfukoni.

Inspekta hakuuliza kwa nini. Alivua kofia, akakaa chini ugani.

"Hebu nielezee Jumapili, mama. Nani alikuwepo, na kulitokea nini."

Hawe Mapenzi aliweka ukili chini.

"Tulikuwepo sote. Huyu binti alitusomea kazi yake, kila mtu na jina lake. Aliandika vizuri mno. Aliandika hata jina la mamangu, ambalo wajukuu hawa hawalijui. Nikafurahi. Kisha akafungua ile karatasi ya mchoro, nikaona kitu kimekatwa. Nikamwuliza, huyu ni nani? Akasema Thoya. Na mkato? Akasema waliokatwa ni waliokufa."

"Ukafanya nini?"

"Siku hiyo, hakuna. Jumanne nilikuwa pale kibarazani. Dena kabla hajalaza kichwa kwenye mizani alimwambia mpita njia mmoja kwamba bahasha ile kubwa inakwenda Nairobi." Alimgeukia Inspekta. "Thoya alikwenda Nairobi. Alikuwa na miaka kumi na tisa, shati lake nilimshonea mimi. Hatujamkalia matanga. Hakuna aliyenyoa nywele. Sasa karatasi inakwenda kule kule aliko, na imeandikwa kwamba kwao wameshamzika. Mtu akisikia kwao wameshamzika, atarudi kufanya nini?"

Alipapasa pembe ya mkeka wake.

"Nikaingia. Nikaichukua bahasha, nikaifunga ndani ya leso niliyojitanda. Nilikwenda pale na huyo kuku kumuuza, basi nikamwacha, maana kitu kilikuwa cha mtu, na mtu mwenyewe amekitolea jasho. Singeondoka na kitu chake na kumwachia mahali patupu."

"Daftari umelichoma?"

"Nilichome?" Alimtazama kama aliyetukanwa. "Lina jina la mamangu."

Aliinua pembe ya mkeka aliokalia. Bahasha ilikuwa hapo, ndani ya leso iliyokunjwa mara nne. Hakuna ukurasa uliopungua.

"Nilitaka kuutoa ule mstari peke yake," alisema. "Nikafungua, nikakuta kila mahali ni mistari. Sikuujua ni upi."

Waruguru alipiga magoti mbele yake.

"Hawe, kosa ni langu. Kijitabu kiliniambia niulize. Nimekuuliza habari za mahindi, za mikeka, za kunawa. Hili sikukuuliza. Niliogopa, nikajijibu mwenyewe."

"Sasa niulize."

"Thoya yuko wapi?"

"Sijui," Hawe Mapenzi alisema. "Andika hivyo."

Inspekta alimtazama Waruguru. "Mama, mlalamikaji ni wewe."

"Sina malalamiko."

"Basi nitaandika kwenye kitabu cha matukio kwamba mali imepatikana, na mshukiwa wa kwanza ameachiliwa."

"Na ile ya kulala dukani?" Dena aliuliza. "Haiwezi kutolewa?"

"Ile ndiyo iliyokutoa ndani," Inspekta alisema. "Iache."

Wino haufutiki. Kwa hiyo Waruguru alitoa karatasi mpya na rula, akaanza mchoro upya kutoka juu, pale pale ugani, karatasi juu ya sinia lililogeuzwa. Kulikuwa na watu sitini na wanane. Hawe Mapenzi aliwataja mmoja mmoja, na kwa kila aliyepaswa kukatwa alisema mwenyewe, "Huyu, kata." Alimsahihisha Waruguru mahali pawili ambapo hata daftari safi lilikuwa limekosea. Kambi aligundua kwamba yeye na Dena ni ndugu upande wa mama, na hakuna kati yao aliyeonyesha kufurahi.

Walipofika kwa Thoya, Waruguru alichora pembetatu na kuinua kalamu. Aliiacha wazi. Kisha akageuza karatasi, akaandika nyuma kwa mwandiko wake wa taratibu: "Katika mchoro wa kwanza nilimwandika mtu huyu kuwa amekufa. Hakuna aliyeniambia. Mama yake alinisahihisha."

Inspekta aliusoma ukurasa ule, akaurudisha kwa mikono miwili, kama mtu anayemkabidhi mkubwa wake kitu. Kesho yake asubuhi yeye mwenyewe angempeleka Waruguru posta ya Malindi, na mhuri ungepigwa siku moja kabla ya wakati.

"Wakiona hii iliyo wazi," Hawe Mapenzi aliuliza, "huko Nairobi watasema yu hai?"

"Watasema hawajaambiwa kuwa amekufa," Waruguru alijibu.

Hawe Mapenzi alilifikiria hilo. Akauchukua ukili wake, akasuka upana wa vidole vitatu vinne, akauweka chini tena.

"Pana nafasi chini yake?"

"Ipo, Hawe."

"Basi ongeza. Alipoondoka boma lilikuwa kule nyuma ya kisima. Tumehama tangu wakati ule, naye hajui." Alimngoja Waruguru atie kalamu karatasini. "Andika: siku hizi tuko ng'ambo ya barabara, nyumba ya pili ukishapita dukani kwa Dena. Na kama Dena amelala, ajipitie tu."