Namba Sita za Ziada

Ujumbe uliingia saa tatu asubuhi.

"Kuna nzi kwenye maziwa. Ghorofa ya tatu. Mtoe kabla ya saa sita."

Sindano aliusoma mara moja, akaufuta. Alikuwa ndani ya Toyota nyeupe, ng'ambo ya jengo la ghorofa nne lenye duka la vifaa vya umeme chini. Alibonyeza kitufe cha saa yake ya Casio. Ndani ya saa ile mlikuwa na redio ndogo kuliko punje ya mahindi.

"Mkuu. Nieleze."

"Unaijua ile programu ya kukagua dawa?" Sauti ya Mkuu wa Idara ilikuwa kavu kama kawaida yake.

"Ya kwenye simu. Nesi anapiga picha namba ya bechi iliyochapwa kwenye boksi, programu inajibu halali au bandia."

"Hiyohiyo. Zahanati mia mbili na kumi zinaitegemea. Wanaoiandika ni kikundi cha waandishi wa programu, wanakutana hapo juu kila Jumamosi. Hawalipwi hata senti. Leo saa sita kamili toleo jipya linakwenda kwenye simu zote."

"Na nzi?"

"Jana tumenasa mazungumzo ya watu wa magendo. Wana lori la dawa bandia za homa, za watoto. Mmoja akasema: mtu wetu yuko ndani ya kikundi, saa sita mlango utakuwa wazi."

"Lori liko wapi?"

"Hatujui ni lipi. Mwenzako Mkasi yuko kwenye mizani ya barabara kuu na malori tisa ya dawa. Karatasi zote safi. Anajifanya mizani imeharibika. Ikifika saa sita, lazima ayaachie."

"Tulizuie hilo toleo basi."

"Tukilizuia watashtuka. Watashusha mzigo porini na kurudi kwa njia nyingine. Nenda ukanitafutie huyo mtu. Kimya kimya."

Redio ilikatika.

Sindano aliisukuma Glock yake chini ya rundo la mitihani ya kidato cha pili ndani ya mkoba. Leo alikuwa mwalimu wa kompyuta.

Alipanda ngazi.

Chumba kilikuwa kidogo. Meza moja ndefu, viti vya plastiki, feni iliyokuwa ikilalamika kila ilipogeuka kushoto. Ukuta mzima ulijaa vikaratasi vya rangi. Watu wanne walikuwa wameinamia kompyuta zao. Kikundi kilikuwa na wanachama wengi, lakini leo walikuja hawa tu, wenye ruhusa ya kugusa toleo la mwisho.

Alipojitambulisha kuwa mwalimu aliyekuja kujifunza, mwanamke aliyevaa sare ya hospitali aliinuka.

"Karibu, mwalimu! Mimi wananiita Nesi, maana ndiyo kazi yangu. Programu nilijifunza ukubwani, kwa machozi. Huyu ni Mabano. Yule mwenye bisibisi ni Fundi Simu. Na huyu mtanashati ni Nukta."

"Mabano?" Sindano aliuliza.

"Aligombana na mtu siku tatu kuhusu mahali pa kuweka alama ya mabano," alisema Fundi Simu.

"Na nilishinda," alisema Mabano, msichana mwembamba, bila kuinua macho.

"Ulinyamaziwa, dada. Kunyamaziwa siyo kushinda."

Nesi alitazama ukutani. Saa nne kasoro dakika mbili.

"Haya jamani, fungeni. Mgeni, sheria yetu ni hii: tukipanga, tunapanga. Kompyuta juu ya kabati, simu kwenye beseni. Mtu mwenye skrini mbele yake hamsikii mwenzake."

Kompyuta nne zilifungwa. Pa, pa, pa, pa. Zikapangwa juu ya kabati kama sahani. Sindano aliiweka Nokia yake kwenye beseni la bluu. Mkoba alibaki nao.

Mmoja wa watu hawa wanne.

Yupi?

Walianza na mada za mkutano wa wazi wa Jumamosi ijayo. Kila mtu aliandika mada yake kwenye kikaratasi, akabandika, wakapiga kura. Sindano alikuwa amewapeleleza watu wengi maishani mwake: wauza silaha, mabalozi wa uongo, mapadri wasiokuwa mapadri. Hakuwahi kuona watu wanaosahihishana kama hawa.

"Mwezi uliopita walikuja watu thelathini," alisema Nesi.

"Thelathini na mmoja," alisema Nukta kwa upole. Alikuwa kijana nadhifu, shati limepigwa pasi mpaka mikono inakata.

"Unamhesabu mlinzi?"

"Alikaa mpaka mwisho. Aliuliza swali."

"Tena swali zuri kuliko lako," Mabano alimdokoa Fundi Simu.

Walicheka. Sindano pia alicheka, na ikamshangaza kwamba hakuwa akiigiza.

Wakaingia kwenye miradi ya pamoja. Hapo sauti zikatulia.

"Toleo la leo," Sindano alisema, akijifanya kuandika daftarini. "Mnahakikishaje kwamba hakuna aliyekosea?"

"Tunasoma kwa sauti," alijibu Nesi. "Ukiandika kitu, mwenzako anakisoma mbele ya wote, mstari kwa mstari, na wewe huruhusiwi kufungua mdomo. Ulichokosea utakisikia mwenyewe."

"Kila kitu?"

"Kila kitu isipokuwa orodha ya namba za bechi," alisema Mabano. "Ni ndefu mno. Tulijaribu mara moja, watu wakasinzia. Sasa naipakia tu ilivyotoka kwa wakaguzi wa dawa. Nimeipakia jana mchana."

Sindano hakuandika neno. Alikuwa amesikia mlango ulipo.

"Ni nyingi kiasi gani?"

Nesi alionyesha barua yenye muhuri iliyobandikwa karibu na dirisha. "4,112. Mwaka jana hatukuwa na orodha, hatukuwa na programu. Nilimnywesha mtoto dawa kwa mkono wangu mwenyewe. Siku nne. Ilikuwa chaki na sukari." Alinyoosha sare yake magotini, ingawa haikuwa na kunyanzi. "Leo nina watoto kumi na mmoja wodini. Dawa yao inafika jioni. Mwenzangu wa zamu haangalii boksi, anaangalia programu. Ikisema halali, anafungua."

Feni ilienda kulia, ikarudi kushoto, ikalalamika.

Saa tano na dakika ishirini na tano.

Saa ya Sindano ilitetemeka mara mbili. Ishara ya Mkasi: madereva wameanza kupiga honi.

"Na mimi naweza kuweka mada?" aliuliza.

"Siku ya kwanza tu?" Nesi alitabasamu. "Weka, mwalimu."

Sindano alichukua kalamu nene na kuandika kwa herufi kubwa: *Kutunza orodha yenye namba 4,112 bila kupotea.* Alitaka wazungumze zaidi kuhusu orodha. Alitaka kuona nani atababaika.

Alikibandika katikati ya ukuta.

Mabano alianza palepale kubishia neno "kutunza". Fundi Simu akadai mada hiyo ni yake tangu mwezi uliopita. Nesi akaamua ugomvi. Katikati ya kelele zile Nukta alisimama, akachukua kalamu, akakata tarakimu ya mwisho kwa mstari mmoja mnyoofu, akaandika nyingine juu yake.

4,118.

Akarudi kukaa.

Alifanya hivyo kama mtu anavyonyoosha picha iliyopinda ukutani. Bila kufikiri.

Sindano aliitazama ile nane. Akaitazama barua yenye muhuri.

"Nukta," alisema polepole. "Barua inasema 4,112."

"Ndiyo," alisema Nesi. "4,112."

"Na mimi nilipakia 4,112," alisema Mabano. "Nikahesabu mara mbili."

Nukta aliitazama kalamu mkononi mwake kana kwamba imempiga kofi.

"Mimi... nimechanganya."

"Wewe hujawahi kuchanganya namba," Mabano alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo ghafla. "Tangu nikujue. Hata mara moja."

"Kompyuta zilikuwa juu ya kabati muda wote," alisema Sindano. "Namba sita zimeongezwa kabla hazijafungwa. Mwenye kuzijua ni aliyeziongeza."

Nukta aliruka.

Mkono wa kushoto ulilidaka beseni la simu. Wa kulia ulichomoa bastola ndogo nyeusi kutoka kifundo cha mguu. Hatua mbili tu, mgongo wake ukawa mlangoni.

"Mtu asiguse kitu! Napiga simu moja, naondoka. Simu moja tu."

Sindano alipiga hesabu. Simu moja kwa dereva, na lori litatoroka mizani. Mkoba ulikuwa miguuni pake. Mbali mno.

Nukta aliliweka beseni juu ya kiti kilicho karibu, akalipekua kwa mkono mmoja. Nokia. Samsung. Tecno mbili.

Akapekua tena.

"Simu yangu iko wapi?"

Fundi Simu alikuwa bado ameshika bisibisi. Mbele yake, juu ya karatasi nyeupe, kulikuwa na simu iliyofunguliwa vipande kumi na vinne, skrubu zimepangwa mstari.

"Kaka... betri ilikuwa imevimba. Nimeiona kwenye beseni, roho ikaniuma. Ingekulipukia mfukoni."

Nukta aliduwaa. Macho yake yaliganda kwenye vile vipande.

Sekunde moja.

Sindano hakuhitaji mbili. Alipiga kiti cha plastiki teke, kikamgonga Nukta magotini. Bastola ililia, risasi ikaingia kwenye dari na vumbi likashuka. Sindano alikuwa ameshafika. Kiganja kwenye kifundo cha mkono. Kiwiko kwenye mbavu. Bastola ilianguka sakafuni, Nukta akaifuata.

Pingu zilitoka chini ya mitihani ya kidato cha pili.

"Wewe siyo mwalimu," alisema Mabano.

"Mitihani ni ya kweli. Dada yangu ndiye mwalimu. Atanisuta nikiirudisha na damu."

Nesi alipiga magoti mbele ya Nukta. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga.

"Kwa nini, mdogo wangu?"

"Walisema hakuna atakayekufa," Nukta alinong'ona. "Walisema ni sukari tu, dada."

"Mtoto mwenye homa hahitaji sukari."

Nukta aligeuza uso ukutani.

Saa tano na dakika arobaini na tatu.

"Dada," Sindano alimshika Nesi bega. "Zile namba sita ndizo zilizochapwa kwenye maboksi ya lori. Zitoe. Haraka."

Nesi alishusha kompyuta. Ilikuwa ThinkPad ya zamani, kitufe kimoja hakipo. Ilichukua muda kuwaka. Mabano alifungua orodha mpya, akailinganisha na ya wakaguzi. Mistari ilikimbia kwenye skrini.

Kisha mistari sita ikabaki. Myekundu.

"Soma kwa sauti," alisema Nesi.

Mabano alisoma. Sindano alikuwa amewasha redio.

"Mkasi, andika. Saba, saba, nne, moja, tisa, sifuri..."

Alizirudia namba zote sita, tarakimu kwa tarakimu. Upande wa pili zilisikika honi, mlango wa chuma, mtu akitukana.

"Sindano, lori la kwanza safi."

Saa tano na dakika hamsini.

"La pili safi. La tatu safi."

"Kazi yetu haijaisha," alisema Nesi, akimaliza kuandika marekebisho ya kuzitoa namba sita. "Mwalimu, au yeyote uliye, toleo likichelewa watajua?"

"Waliobaki nje watajua. Liende saa sita kamili. Lakini liende likiwa safi."

"Basi linasomwa."

"Dada, zimebaki dakika tisa!" alisema Mabano.

"Hatukusoma orodha, ndiyo maana tuko hapa. Marekebisho yanasomwa. Nimeandika mimi, kwa hiyo mimi nanyamaza. Fundi, soma."

Fundi Simu alisoma. Nesi alikaa mikono mapajani, midomo imebanwa, kama sheria yao ilivyotaka. Mstari wa kwanza. Wa tano. Wa kumi.

"Simama," alisema Mabano. "Mstari wa kumi na mbili. Bano moja halijafungwa."

Fundi Simu alifumba macho. "Siamini."

"Lingeliangusha toleo zima kwenye simu zote."

"Nimesema siamini, sijasema sikubali. Lifunge!"

Alilifunga. Wakasoma mpaka mwisho.

"Lori la saba," redio ilikoroma. "Sindano... namba zinafanana. Zote sita. Maboksi yamejaa mpaka juu. Dereva amekaa chini, anaomba maji."

Saa sita kamili.

Nesi alibonyeza.

Kwenye beseni la bluu simu tatu za kikundi zililia kwa pamoja, kila moja kwa mlio wake. Toleo jipya limefika. Mabano alimkumbatia Nesi kiunoni, akalia bila aibu yoyote.

Dakika kumi baadaye vijana wa Idara walikuja kumchukua Nukta. Mlangoni alisimama, akatazama ukuta. Kikaratasi kilikuwa bado kinasema 4,118. Wakamvuta.

Sindano aliokota Nokia yake, akapangusa vumbi la dari kwenye mitihani, akavaa miwani yake ya jua.

"Mada yako iko ukutani," Nesi alisema nyuma yake. "Imepata kura tatu. Jina tuandike nani?"

Sindano alirudi. Alichukua kalamu, akakata ile nane, akaandika mbili. Sehemu ya jina aliiacha wazi.

"Andika Mgeni."

Alishuka ngazi bila haraka. Barabarani jua lilikuwa kali. Saa yake ilitetemeka.

"Kazi safi," alisema Mkuu. "Jumamosi ijayo asubuhi nakuhitaji mpakani."

Sindano aliwasha Toyota.

"Jumamosi ijayo nina mada, Mkuu."

Akazima redio.