Mashine ya Kerubo

Jumamosi ile duka la Kewal pale Ladypool Road, mjini Birmingham, lilikuwa limejaa mpaka mlangoni. Néhémie alisimama kwenye foleni, fungu la sombe, majani ya muhogo, mkono mmoja, nyaya za spika zimemning'inia begani, na moyoni ana haraka ya kwenda kufunga vyombo vya muziki harusini. Alipogeuka kumpisha mama mmoja aliyesukuma kigari cha mtoto, ncha ya waya ikanasa kwenye mkanda wa mkoba wa dada aliyekuwa nyuma yake. Mkoba ukaanguka. Kikatoka kitu kama sanduku dogo la kijani, kifuniko kikafunguka, na sauti ya mwanamke ikaanza kutoa amri kwa Kiingereza kilichonyooka, ikasikika duka zima: tulia, mvue mgonjwa nguo za kifuani.

Foleni yote ikamtazama Néhémie, kana kwamba mgonjwa ni yeye.

Yule dada akachuchumaa, akafunga kifuniko, sauti ikakatika. Alivaa koti la manjano juu ya sare ya samawati ya wauguzi, nywele kazisuka mistari ya kurudi nyuma, na macho yake yalikuwa na uchovu wa mtu aliyetoka kazini. Alilikagua sanduku pande zote kabla hata ya kumwangalia aliyeliangusha. Néhémie aliomba radhi kwa Kiingereza. Alipomsikia akinung'unika kwa Kiswahili, akaomba radhi upya kwa Kiswahili.

"Spika yake ni nzuri," akaongeza, maana hakujua aseme nini tena. "Ndogo, lakini inafika mpaka barabarani."

"Imetengenezwa imfikie mtu aliyepagawa," dada akajibu. "Naona imekupata."

Walitoka dukani pamoja, na kumbe walikuwa wanaelekea ukumbi mmoja, kule Balsall Heath. Njiani akamweleza kwamba ile ni mashine ya kushtua moyo. Moyo wa mtu ukisimama ghafla, yeyote aliye karibu, hata asiyewahi kushika bandeji, anaifungua, anabandika vibandiko viwili kifuani, na mashine yenyewe inapima na kuamua kama ishtue au isishtue. Jina lake Kerubo, mzaliwa wa Nyamira, Kenya, muuguzi katika wadi ya wagonjwa wa moyo. Kila penye mkusanyiko wa Waswahili, iwe harusi, kesha au mechi ya jumuiya, alikuwa anaibeba.

Néhémie alikuwa na miaka thelathini na sita. Alizaliwa Uvira, Kongo, na alifika Birmingham akiwa na miaka kumi na minne, ameshikwa mkono na shangazi yake, Goretti, aliyemlea tangu wazazi wake walipouawa. Siku za kazi alikuwa fundi umeme. Jumamosi na Jumapili alifunga spika na kuchanganya sauti kwenye sherehe na kanisani. Wanawake alikuwa amewapenda, lakini hakuwahi kumwona mmoja akikagua mashine kwa uangalifu namna ile, na hilo halikumtoka akilini wiki nzima.

Akampigia simu. Kerubo akapokea, akamwambia ana dakika nane za kunywa chai, azitumie vizuri. Kuanzia hapo dakika nane za chai zikawa zao. Néhémie akawa anamwita chérie, yaani mpenzi kwa Kifaransa, Kerubo akawa anamwita Fundi, na kila mmoja akawa anamcheka mwenzake kwa Kiswahili chake. Néhémie akisema anakuya, Kerubo anamuuliza anakuja ama anakuya, kwa sababu angependa kujua atamfungulia mlango nani.

Miezi miwili baadaye, katika mkahawa mmoja wa Balsall Heath, mkate wa nan ukiwa umepoa mezani, Kerubo alimweleza kwa nini anaibeba mashine. Miaka mitatu nyuma, kwenye siku ya michezo ya Wakenya, kijana wa watu aitwaye Kibet alianguka katikati ya uwanja.

"Nilimkandamiza kifua dakika kumi na tisa," Kerubo akasema. "Mashine ilikuwa kwenye shule iliyo kando ya uwanja. Tuliiona kupitia kioo cha mlango, imetundikwa ukutani. Lakini ilikuwa Jumapili, shule imefungwa. Walipofanikiwa kuingia, Kibet alikuwa ameshakwenda."

Néhémie alimshika mkono, na Kerubo akauacha mkono wake pale.

Tangu siku hiyo kazi ile ikawa ya wote wawili. Kila Néhémie alipofunga vyombo, aliweka mashine juu ya meza karibu na mlango, na kabla ya muziki kuanza alitangaza kwenye kipaza sauti mahali ilipo. Kerubo akaleta mwanasesere wa mazoezi kanisani, na wazee kwa akina mama wakafundishwa baada ya ibada, wengine wakicheka, wengine wakiogopa hata kumgusa.

Ikafika Juni, harusi ya Sagesse, binti ya Mzee Athanase. Mzee huyu alikuwa kiongozi wa kanisa la Wakongomani, mtu ambaye hata watu wazima walimsalimu wakiwa wamesimama. Kerubo alikuwa kazini mpaka saa tisa, kwa hiyo Néhémie ndiye aliyeipeleka mashine ukumbini na kuiweka mahali pake mlangoni, kando ya meza ya keki. Mzee Athanase akaja, akaitazama, akamvuta Néhémie pembeni. Akamwomba kwa upole aiondoe. Leo ni furaha ya mwanawe, alisema, na kitu cha kifo kisikae jirani na keki.

Néhémie alijua la kujibu. Alikuwa amelisikia kwa Kerubo mara nyingi. Lakini huyu ndiye mzee aliyewapokea yeye na shangazi yake walipofika mji huu bila kujua mtu. Akaona haya. Akaibeba mashine mpaka kwenye kabati lililo chini ya jukwaa, akafunga, akatia ufunguo katika mfuko wa koti lake. Alijiambia kwamba Kerubo akifika atamweleza, watatafuta mahali pengine pa kuiweka.

Kerubo alifika saa kumi, amevaa gauni la kitenge cha zambarau lililomkaa vizuri mpaka Néhémie akasahau mkono wake kwenye mitambo. Alimpungia kutoka mbali, akacheka. Néhémie akaona amwache kwanza afurahi.

Saa kumi na moja na robo wageni walikuwa wanacheza wakielekea kwa maharusi na zawadi zao. Mama Goretti, shangazi aliyemlea Néhémie, alikuwa katikati ya mstari, blanketi jipya kichwani. Blanketi likaanguka, naye akafuata. Kabla Néhémie hajazima muziki, Kerubo alikuwa ameshapiga magoti sakafuni, mikono juu ya kifua cha mama, anahesabu kwa sauti.

"Néhémie," aliita bila kuinua kichwa. "Mashine."

Koti halikuwepo kwenye kiti. Ukumbi ulikuwa na joto, alikuwa amelivua, na mtu mwema fulani alikuwa amelipeleka kwenye chumba cha makoti. Alipekua makoti mia moja meusi yanayofanana. Alipopata ufunguo alirudi mbio, akakosea tundu mara mbili kabla kabati halijafunguka. Baadaye alitazama video ya harusi na kuhesabu: dakika tatu na sekunde kumi. Muda wote huo Kerubo alikandamiza, na waliokuwa karibu walisikia mbavu zikilia. Mashine ilipokuja, ilishtua mara moja, ikashtua mara ya pili, na Mama Goretti akavuta pumzi. Ambulensi ilipofika alikuwa anapumua mwenyewe.

Alilazwa wiki mbili, akarudi nyumbani kwake Sparkbrook na mbavu nne zilizovunjika, amekumbatia mto kifuani kila alipotaka kukohoa. Wageni wakaanza kumiminika. Na katika sebule ile, juu ya chai, maneno yakaanza. Kwamba yule muuguzi Mkenya alimtwanga mama wa watu kama anayetwanga sombe. Kwamba mtu mzima havunjwi mbavu namna ile. Kwamba wasichana wa siku hizi wanapenda kuonekana.

Néhémie alikuwa anapitisha biskuti. Alijua kwamba akimtetea Kerubo itabidi aeleze jinsi moyo unavyokufa kila dakika inayopita, na akieleza dakika, mtu atauliza mashine ilikuwa wapi. Akanyamaza. Hata kwa Kerubo akanyamaza. Simu za saa ya chai akaziacha ziite, maana hakujua atamsemesha vipi huku amemficha jambo kama lile. Kerubo hakuijua siri hiyo. Yeye alijua tu kwamba wanamsema, na kwamba mpenzi wake hapokei simu. Akatuma ujumbe mmoja: kama unaamini nilimuumiza mama yako kwa kutojua kazi, niambie mwenyewe. Néhémie aliusoma mara nyingi mno, na hakujibu. Ujumbe mwingine haukuja.

Wiki ya tano tangu mama arudi nyumbani, alishindwa kuvumilia. Jumapili alasiri alipanda treni mpaka Longbridge, kwenye nyumba mpya zilizojengwa palipokuwa na kiwanda cha magari. Kerubo alifungua mlango, amevaa fulana ya nyumbani, kitambaa kichwani. Hakumkaribisha ndani, wala hakufunga mlango. Néhémie akamweleza yote pale pale kizingitini, toka keki mpaka makoti.

"Nilidhani ni wenye ukumbi walioifungia," Kerubo akasema.

"Ni mimi."

"Mbavu nilizivunja, na ningezivunja tena. Hilo halininyimi usingizi. Lakini wiki tano umekaa sebuleni unawasikia wakinitukana, na ukweli unao wewe."

"Nimekuja kuomba msamaha, chérie."

"Umekuja kuniambia mimi. Wanaoamini uongo ni wao. Waambie wao."

Akafunga mlango taratibu, bila kuubamiza, na Néhémie akaona heri angeubamiza.

Alianza na shangazi yake. Mama Goretti alimsikiliza amekumbatia mto wake. Huyu ndiye aliyembeba mgongoni akiwa na miaka minne, siku walipokimbia Uvira, miaka kumi kabla ya kufika Birmingham. Hakuwa na mtu mwingine duniani ambaye angeogopa zaidi kumpoteza. Alipomaliza, mama alitazama dirishani.

"Kwa hiyo binti huyo ndiye aliyenirudisha," akasema, "na wewe umemwacha atukanwe nyumbani mwangu, juu ya viti vyangu." Akauweka mto vizuri kifuani. "Jumapili nitakaa mstari wa mbele kanisani. Nataka kukusikia."

Jumapili Néhémie alishika kipaza sauti ambacho kwa miaka mingi alikuwa akiwafungia wengine. Hakuongea kwa ufundi. Alitaja kabati, ufunguo na dakika tatu, akasema mbavu zile zisingehitaji kuvunjwa kiasi kile kama yeye angekuwa na ujasiri wa kusema hapana. Jina la Mzee Athanase hakulitaja. Kisha mzee mwenyewe akainuka, akiegemea kiti cha mbele yake, akasema kwamba aliyeomba mashine iondolewe ni yeye, na kwamba tangu Juni hajalala vizuri. Hakuna aliyepiga makofi. Wako waliopita mbele ya Néhémie baadaye bila kumsalimu, na aliona wana haki.

Kerubo hakuwepo, wala hakupiga simu. Néhémie hakumsumbua. Alikwenda kwa Nilam, mama msimamizi wa ukumbi wa harusi ile, akamuuliza kama kamati ingekubali ukumbi uwe na mashine yake, itundikwe nje, ukutani, mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuifikia saa yoyote. Kamati ilikubali. Lile sanduku la nje linahitaji umeme ili baridi isiharibu betri, na kazi hiyo aliifanya mwenyewe siku mbili mfululizo baada ya kutoka kazini: akatoboa ukuta, akavuta waya, akajaribu taa yake mara kadhaa. Mlango una namba za siri, lakini ukipiga 999, namba ya dharura, wanakutajia. Ufunguo hauhitajiki.

Nilam ndiye aliyemwita muuguzi aje kuikagua na kufundisha watu. Ilikuwa Septemba, mvua ya rasharasha. Kerubo aliingia, akasalimia watu wote pamoja na Néhémie, kwa sauti ile ile, kisha akaanza kazi yake. Watu arobaini walikuwa wamekuja. Wa kwanza kujitokeza alikuwa Mzee Athanase. Alipiga magoti kwa shida kando ya mwanasesere, akaweka mikono kifuani, akakandamiza kama anayejaribu joto la maji.

"Zaidi, Mzee," Kerubo akamwambia.

"Nitamvunja, binti yangu."

"Mvunje. Mbavu zitaunga. Moyo ndio usiongoja."

Mzee akavuta pumzi, akakandamiza kwa uzito wake wote, mwanasesere akatoa mlio, na pale kwenye kiti chake Mama Goretti akaitikia kwa kichwa.

Watu walipoanza kuondoka, Kerubo alitoka nje kulitazama sanduku. Alilifungua, akaangalia tarehe ya vibandiko, akapapasa mahali waya ulipoingia ukutani. Néhémie alisimama pembeni, mvua ikimlowesha mabega.

"Umefunga vizuri," Kerubo akasema. "Mama yako hunipigia kila Jumatatu. Aliniambia ulichosema kanisani."

"Hakuniambia kwamba anakupigia."

"Nilimwomba asikwambie. Bado nina hasira na wewe, Fundi."

Jina hilo Néhémie hakuwa amelisikia tangu Juni. Aliuliza hasira hiyo itachukua muda gani. Kerubo alisema hajui, pengine mwaka, pengine zaidi. Inapungua siku moja, inarudi kesho yake.

"Niisubiri nikiwa mbali," Néhémie akauliza, "ao nikiwa karibu?"

Kerubo alifunga mlango wa sanduku. "Karibu."

"Kama ni karibu, nataka kukuoa. Sikuja na pete. Sikujua kama hata utanisalimia."

Kerubo alimtazama kwa namna ya kukagua, bila haraka, kuanzia viatu vyake vya kazi mpaka uso uliolowa.

"Baba yangu atakuuliza maswali mengi. Na mimi sitakuwekea maneno mdomoni. Utamwambia nini?"

"Nitaanza na lile baya. Akinifukuza, atakuwa amenifukuza akiwa ananijua."

Ndani ya ukumbi viti vilikuwa vinapangwa, na sauti ya Mama Goretti ilisikika ikiuliza hao wawili wamekwenda wapi. Kerubo alitoa simu kwenye mfuko wa koti lake la manjano, akaikinga mvua kwa kiganja, akatafuta ratiba yake ya kazi.

"Nina likizo Desemba, wiki tatu," akasema. "Kwa baba, Nyamira, kutakuwa na matope. Tafuta viatu."