Mzee Asiyekauka

Sanamu zote zilikuwa zimekauka isipokuwa moja. Kemirembe alilibonyeza bega la sanamu hiyo kwa kidole gumba, na kidole kikazama kana kwamba udongo ule ulichotwa bondeni asubuhi hiyohiyo. Ulikuwa umekaa mle msongeni tangu kabla ya Pasaka.

Akafuta kidole kwenye kanga, akasonya. Jua la pale kijijini Chonyonyo lilikuwa kali wiki nzima, na kahawa iliyoanikwa uani ilikuwa imekauka hadi inalia mkononi. Alihamisha nyasi za paa upande ule ili mwanga uingie, akaondoka akijiambia kwamba kesho itakuwa tayari. Kesho yake maji yalikuwa yakichuruzika kutoka kwenye magoti ya sanamu hadi chini.

Ulikuwa mwaka wa themanini na sita. Kemirembe alikuwa amerudi kutoka Sofia, katika nchi ya Bulgaria, alikokuwa akisomea uchongaji na ufinyanzi. Alipoondoka parokia nzima ilimwombea, na wengi waliamini anakwenda kusomea udaktari. Sasa walimwona binti wa mzee Gaudiosus akipanda kutoka bondeni na debe la matope kichwani, na hawakujua wamsalimie vipi. Mama yake, Auleria, alichoka kueleza. Mtu akiuliza, alijibu tu kwamba mtoto yuko likizo.

Haikuwa likizo. Ili amalize masomo ilimbidi atengeneze kazi moja kubwa, kazi ambayo mtu haitazami kwa mbali bali anaingia ndani yake, kisha aipige picha na kwenda kuitetea mbele ya walimu. Alichagua nyumba ya msonge ya marehemu babu yake, iliyosimama tupu nyuma ya migomba. Ndani yake alikusudia kuketisha wazee kwa duara, wakiwa wamezunguka kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, chenye mirija, kama wazee walivyoketi zamani. Kila mzee alikuwa na mifupa ya fito na nyama ya maganda makavu ya mgomba yaliyosukwa, na juu yake akapakwa udongo. Ndani walikuwa watupu.

Aliyemsaidia kubeba udongo ni jirani yao Mbonimpa, mtu mzima mwenye asili ya Burundi, mpole, asiyependa maneno. Siku moja mchana aliweka debe mlangoni, akakataa kuingia.

"Dada, yule mzee wa nyuma, asiyekauka, nani anamnywesha?"

"Kumnywesha nini?"

"Nimesikia mrija." Mbonimpa alizungumza polepole, akitazama migomba badala ya kumtazama yeye. "Nilidhani ni mzee Gaudiosus amejificha na rubisi yake. Nikachungulia. Hamna mtu. Lakini kibuyu kililia, kama pombe inapoishia chini."

"Kibuyu hakina kitu, Mbonimpa. Kimepasuka."

"Najua. Nilikibeba mimi." Akachukua jembe lake. "Mimi sirudi tena humo. Usinichukie."

Kemirembe hakuogopa. Alikasirika. Muda wa kurudi Sofia ulikuwa unasogea, mvua zilikuwa njiani, na sasa hata wa kumbebea udongo hana. Akabeba mwenyewe. Mikono ikapasuka, shingo ikauma. Sanamu nyingine zilikuwa ngumu, nyepesi, zikigongwa zinalia kama vyungu, lakini yule wa nyuma alizidi kulainika, bega likaporomoka, kisha kichwa. Alimbomoa, akamjenga upya kwa udongo mpya. Akaporomoka. Akachanganya majivu na mchanga, akawasha moto mdogo mbele yake kutwa nzima. Akaporomoka. Na kila alipoinama kumshika, alisikia harufu ya rubisi iliyochacha, na chini ya harufu hiyo nyingine, kama nywele za mtu aliyenyeshewa.

Baba yake alikuja kutazama. Alizunguka duara akiwa ameshika mikono nyuma, akasimama mbele ya yule aliyelowa.

"Huyu ni nani?"

"Si mtu fulani, Tata. Ni mzee yeyote tu."

"Hakuna anayejenga nyumba akasema ni ya yeyote," alisema Gaudiosus. "Atakayepita ataingia." Kisha akacheka, kwa kuwa hakuwa mtu wa kumkatisha mtoto tamaa, akamshika bega. "Njoo ule. Mama yako amepika ndizi, zinapoa."

Mchana uliofuata, mvua ya kwanza ilipiga. Kemirembe alikimbilia msongeni na kumkuta mzee wake amelala kifudifudi, uso umesambaa sakafuni kama kinyesi cha ng'ombe. Ndipo uchovu wote ukampanda kichwani. Alimpiga teke. Alipaza sauti, mwanamke mzima peke yake katika nyumba tupu, akalia kwa hasira.

"Unataka nini kwangu? Unataka kukaa? Haya, kaa. Kaa basi, uniache nimalize kazi yangu."

Mvua ilikatika ghafla. Akamjenga tena akiwa hana hata nguvu ya kutazama anachofanya, akaenda kulala bila kula.

Asubuhi mzee alikuwa amekauka.

Alikuwa amekauka bila ufa hata mmoja, mwekundu, laini kama aliyepakwa siagi, na uso wake ulikuwa mzuri kuliko uso wowote ambao Kemirembe aliwahi kufinyanga. Alikuwa na mikunjo midogo pembeni mwa macho na mdomo uliobana kidogo, kama mtu anayezuia kicheko. Kemirembe hakukumbuka kuufanya mdomo ule. Alijiambia kwamba mikono iliyochoka hufanya mambo yake. Alifurahi sana siku ile, akakimbilia nyumbani kumwita baba yake, akamkuta amesimama kwenye mtungi, anakunywa maji kwa kata.

"Kiu ya ajabu leo," Gaudiosus alisema, akachota tena.

Hakuacha. Alikunywa mchana kutwa, na jioni ulimi wake ulikuwa mkavu. Ngozi ya visigino ilipasuka, kisha ya viganja, kisha ya shingo, mipasuko mirefu isiyotoa damu. Walimpeleka hospitali kwa baiskeli, wakamtundikia chupa za maji, maji yakaingia na hakuna aliyejua yanakwenda wapi. Daktari alimpima kila kitu akasema haoni ugonjwa. Wakamrudisha nyumbani. Na asubuhi moja, alipokohoa, Auleria alimfuta mdomo kwa kitambaa, akakitazama, akakipeleka nje kwenye mwanga kumwonyesha binti yake. Kitambaa kilikuwa na vumbi jekundu.

"Huu ni udongo wa bondeni," Auleria alisema kwa sauti ya chini. "Mimi nimefinyanga vyungu nikiwa msichana, naujua. Umetengeneza nini kule?"

 Kemirembe alikikunja kitambaa, akamweleza habari za yule mzee asiyekauka.

Walimwacha mgonjwa na shangazi wa Kemirembe wakaenda Nkwenda, ng'ambo ya mto, kwa mama mmoja mzee aliyeitwa Nyirabageni, aliyekuja kutoka Rwanda na wazazi wake akiwa mtoto. Jumapili alikuwa Mkatoliki kama wao, na siku nyingine watu walimfuata kimya kimya. Auleria alificha rozari ndani ya gauni kabla ya kubisha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kaeni." Aliwasikiliza akipembua maharage, hakuwakatisha. Walipomaliza, alimuuliza Kemirembe jambo moja tu. "Ulimkaribisha kwa mdomo?"

"Nilikuwa nimekasirika, bibi."

"Sikukuuliza ulikuwaje."

"Nilimwambia akae."

Nyirabageni akaweka ungo chini. "Watu wa pwani wangemwita jini. Sisi tunasema mzimu asiye na kwao. Huyo ni upepo tu, hana la kufanya, mpaka apate mwili. Wewe umempa. Lakini mwili wa udongo ukikauka hauna maji ya uhai, naye anayahitaji, kwa hiyo anayavuta kwa mwenye mji, baba yako. Lazima uvunje, kwa mikono iliyojenga." Akainua kidole. "Sikiliza vizuri. Kwanza mwondoe baba yako. Mvushe mto, mleteni hapa kwangu. Akiwa amevuka, ndipo uvunje. Usivunje akiwa karibu. Mtu aliyekauka ni nyumba tupu, na huyo akitolewa nje atatafuta pa kuingia."

Ilionekana rahisi. Lakini gari la pekee lililokuwa karibu, pikapu ya Ildefonsi wa dukani, halikuwa na dizeli, na dizeli haikuwepo mjini Kayanga wala kwingineko. Mbonimpa alikubali kubeba machela, lakini machela inahitaji mabega zaidi, na vijana wa jumuiya walisema wangoje Jumapili. Jumapili ilipofika mvua ilikuwa imekata njia ya bondeni. Wakasema wangoje ipungue. Kemirembe alikwenda nyumba kwa nyumba akiomba, akisimama kwenye milango na miguu yenye tope, na kila mlango alipewa kiti, pole na sababu. Aliporudi, baba yake alikuwa ameacha kuomba maji. Midomo ilikuwa imekakamaa wazi, na ndani ya kinywa ulimi ulikuwa mwekundu, mkavu, wenye ufa katikati.

"Mama, hatafika Jumapili nyingine."

"Tungoje kidogo. Bibi alisema tumvushe."

"Kwa mabawa gani?"

Kamera ilikuwa ndani ya begi lake, haijapiga hata picha moja. Aliitazama, akaipita, akachukua jembe nyuma ya mlango. Auleria akamwita jina mara moja, kwa sauti ndogo, akiwa amemshika mume wake mkono, akashindwa kumwachia ili amfuate.

Mchana ulikuwa umeingiwa na giza la mvua. Alipokaribia msonge aliisikia ile sauti, mrija ukivuta, kisha mirija mingi ikivuta kwa pamoja, taratibu, kama watu wasio na haraka, na alipoingia ikakoma, akawaona wazee wake wote wamekaa kama alivyowaketisha lakini nyuso zao, ambazo alizielekeza kwenye kibuyu, sasa zimemwelekea yule wa nyuma kama watu wanaomsikiliza mkubwa wao, na yule wa nyuma ametazama mlangoni, amemtazama yeye, mikunjo ya macho imezidi, mdomo umeachia, na harufu ya rubisi na nywele mbichi ikamjaa puani mpaka akahisi kichwa kinamzunguka na magoti yanataka kukaa chini, kukaa tu pale kwenye nafasi iliyobaki katika duara. Aliinua jembe akapiga.

Yule mzee hakulia kama chungu. Alitoa pumzi. Kisha maji yakamwagika kutoka kifuani mwake, maji ya uvuguvugu, mengi kuliko yanayoweza kukaa ndani ya mwili ule, yakamlowesha Kemirembe hadi kiunoni, yakawaangusha wazee wengine mmoja baada ya mwingine, naye akaendelea kupiga, akipiga huku akilia, akiwapiga na wale waliokuwa wamekauka vizuri, kazi yake yote ya miezi, hadi pakabaki fito na tope. Nje hapakuwa na upepo. Lakini aliona kupitia mlangoni migomba ikiinama, mmoja, kisha wa jirani yake, kisha unaofuata, mstari mmoja ulionyooka kuelekea nyumbani.

Akatupa jembe akakimbia.

Alipofika uani alisikia sauti ya baba yake. Ilikuwa sauti nzima, yenye nguvu, ikiuliza kama katika nyumba hii kuna chakula.

Gaudiosus alikuwa amekaa kitandani. Auleria alikuwa amepiga magoti analia kwa furaha, na shangazi anashangilia. Ngozi ilikuwa imefunga. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, jasho la kweli. Alikula ndizi sahani nzima, akamtazama binti yake aliyesimama mlangoni akidondosha maji mekundu.

"Umelowa, mwanangu," alisema kwa upole. "Badili nguo."

Padri alikuja na kusoma Misa ya shukrani. Majirani walewale waliokataa kubeba machela walileta ndizi na kuku. Kemirembe alikwenda Nkwenda kumweleza Nyirabageni. Yule mama alimsikiliza hadi mwisho, akauliza baba yake alikuwa wapi wakati jembe linapiga. Alipoambiwa alikuwa nyumbani kitandani, aliingia ndani, akafunga mlango, hakutoka tena.

Siku ya kuondoka, wazazi wake wote wawili walimsindikiza hadi Omurushaka kusubiri basi la Bukoba. Hakuwa na picha. Hakuwa na kazi. Hakujua atawaambia nini walimu wake, na alikuwa na hasira tangu alfajiri, kwa sababu kila mtu alimwambia ashukuru Mungu na hakuna aliyeuliza amepoteza nini. Gaudiosus alibeba begi lake kwa mkono mmoja, akalipandisha juu ya basi, akabaki anaongea na utingo huku wakicheka.

Kemirembe alikuwa amekwisha kukaa dirishani. Auleria akasogea, akashika ukingo wa dirisha, akainua uso.

"Usirudi mapema," alisema.

"Kwa nini, mama?"

"Nimelala na baba yako tangu nikiwa binti. Najua anavyolala." Aliongea bila kugeuka, kama mtu anayeagiza chumvi. "Huyu akilala, kifua hakipandi. Nimeweka mkono. Nimeweka sikio. Kumetulia kama ndani ya mtungi."

Kemirembe alisimama, akagonga kichwa kwenye chuma cha basi. "Nashuka. Twende kwa padri. Twende kwa—"

"Kaa." Mkono wa mama yake ulikuwa umemkamata kifundo cha mkono, nao ulikuwa mtulivu. "Hanipigi. Hanikemei. Jioni ananiuliza siku yangu ilikuwaje, ananisikiliza mpaka mwisho. Gaudiosus wangu nimemlilia peke yangu jikoni, nimemaliza. Ukimtoa huyu, ataingia kwa nani? Kwako? Kwangu? Mwache. Nitakaa naye mimi."

Basi likanguruma. Kemirembe alimwita mama yake, akasema ngoja, akapiga ubavu wa basi kwa kiganja, lakini abiria wengine walikuwa wakigonga wao pia ili dereva aondoke, na dereva akaondoka.

Akageuka kwenye kiti. Mzee alikuwa amekuja kusimama kando ya Auleria, amepunga mkono, anatabasamu. Auleria akamgeukia, akamnyooshea kola ya shati iliyokunjika, na wote wawili wakaanza kurudi nyumbani.