Waliiba "Ndiyo" Yangu, Wakaitia Kinywani mwa Binti wa Simu

Mwanamke kwenye skrini alifungua mdomo… ikatoka sauti yangu!

"Ndiyo. Nimekubali. Nitakuwa mkeo, twende popote utakaponipeleka."

Ukumbi mzima ukalipuka kwa makofi.

Mama yangu, aliyekaa pembeni yangu, hakupiga. Alinishika mkono, akaniinamia sikioni.

"Mwanangu… si uliniambia mwisho hawataugusa?"

Sauti ilikuwa yangu, jamani, lakini maneno yale sikuwahi kuyarekodi kwa ajili ya filamu ile. Sikuwahi!

Kisha nikaisikia kwikwi.

Kwikwi moja ndogo, mwishoni mwa sentensi. Mimi nikilia kwa furaha hushikwa na kwikwi, tangu utotoni. Midomo ya mwigizaji ilikuwa imeshafungwa, kwikwi ikapita tu hewani haina mwenyewe.

Hapo ndipo nilipojua sauti ile wameitoa wapi…

Ngoja niwarudishe nyuma, maana mmeniandama humu mtandaoni tangu uzinduzi wa filamu Jumamosi na mwanzo wake hamuujui.

Mimi ni mwandishi wa skripti za filamu. Nina diploma yangu ya lugha, na ulimi ambao mama anasema ungeshonewa ala. Mchumba wangu alikuwa mwongozaji wa filamu. Kazini wote walimwita Kamanda, na mimi nikamwita hivyo hivyo mpaka nyumbani.

Kamanda alipata kazi ya ndoto zake: kuitengenezea filamu ile riwaya ya mapenzi tuliyoisoma wote shuleni. Ile ya Binti wa Simu.

Kwa mliokuwa mnasinzia darasani, nawakumbusha. Binti anafanya kazi ofisi ya simu, zile za zamani za kuchomeka waya kwa mkono. Anampenda mtoto wa tajiri kwa kumsikia sauti tu. Mwisho kijana anakuja na pete. Anataka binti aache kazi, aache mji, amfuate.

Binti anamtazama, anamwambia: "Nakupenda. Na jibu ni hapana."

Anageuka, anachomeka waya wa simu inayofuata. Basi. Kitabu kimekwisha.

Mama yangu hushona sare za shule. Kitabu kile alikisoma mimi nikiwa mdogo, kimeegemea cherehani, ukurasa umebanwa na mkasi. Baba alipomwambia achague, cherehani au ndoa, mama aliondoka. Cherehani kichwani, mimi mgongoni.

"Yule binti ndiye aliyenionyesha," huniambia, "kwamba mtu unaweza kumpenda na bado ukamkatalia."

Sasa mnaelewa kwa nini Kamanda aliponipa skripti niiandike, nilimpa sharti moja.

"Mwisho hauguswi."

"Na mengine, mpenzi?"

"Mengine kata utakavyo."

Na msije mkaniita mlinzi wa kaburi la vitabu! Mimi mwenyewe nilifuta sura nzima za ugomvi wa mirathi. Wajomba wawili niliwafanya mmoja. Barua ndefu nilizigeuza mazungumzo ya simu. Ukihamisha kitabu neno kwa neno, utapata watu wamesimama sebuleni wanahutubiana. Badilisha nguo, badilisha nyumba, hata mvua iondoe kama huna mabomba ya kuinyeshea. Lakini ile "hapana" ni uti wa mgongo. Ukiuchomoa, kinachobaki ni minofu imelala sakafuni.

Mwigizaji mkuu tulimwita Kidoti. Uso wake, hata ukuta ungegeuka kumtazama. Sauti yake sasa… mlango wa bati unaokokotwa!

"Utamwekea sauti wewe," Kamanda aliniambia. "Umemwandika, unajua anapumulia wapi."

Nikamwekea. Sentensi baada ya sentensi, ndani ya chumba kilichozibwa mablanketi ukutani, mimi na maiki, na fundi sauti nyuma ya kioo akininyooshea kidole gumba. Hadi Kidoti alikuwa akinitania, "Dada, siku nikiolewa utakuja kunisemea?"

Ilipobaki sehemu ya mwisho, Kamanda akaingia na karatasi mpya.

"Wafadhili wanataka harusi."

"Wakaoane wenyewe."

"Mpenzi, ni mstari mmoja!"

Niliona neno "Ndiyo" pale juu. Sikusoma zaidi, nikamrudishia.

"Huo sitausema hata nikiwa usingizini."

Alinitazama… kisha akacheka. "Yaishe. Umeshinda."

Nikarekodi "hapana" ya binti kama ilivyo kitabuni. Kamanda alinipigia makofi. Nyie, alinipigia makofi!

Wiki iliyofuata akaniita studio. Eti kuna sentensi zimeingiliwa na kelele, nikazirudie.

Nikafungua mlango… maua pembeni ya maiki! Kamanda kapiga goti, pete mkononi!

"Utakubali kuwa mke wangu?"

"Ndiyo!"

"Sema vizuri, mpenzi. Nataka niikumbuke maisha yangu yote."

"Ndiyo. Nimekubali!"

"Sema utakuwa mke wangu. Sema tutakwenda popote."

Nikasema, machozi yananitoka.

"Mara moja tena. Taratibu."

Nikarudia. Taratibu. Na kwikwi juu.

Nikawaza, mwanaume huyu ananipenda mpaka anataka kunisikia mara mbili! Nyuma ya kioo taa nyekundu ilikuwa inawaka. Nikadhani ni pambo. Chekeni tu, mimi nimeshamaliza kucheka.

Jambo moja lilinipita siku ile. Mwanaume aliyekubaliwa hukurukia, hukukumbatia. Kamanda alirudi nyuma. Alisimama mbali na maiki, amebana pumzi.

Turudi ukumbini.

Taa ziliwashwa. Nikamfuata fundi sauti, alikuwa amesimama karibu na mlango.

"Ile sentensi ya mwisho mmeitoa wapi?"

Akashtuka. "Shem… si mmekubaliana? Kamanda aliniambia ni zawadi yenu kwa filamu. Kumbukumbu ya uchumba."

"Siku ile mlikuwa mnarekodi?"

"Tangu ulipofungua mlango, shem." Akainamisha kichwa. "Kidoti alikuwa ameshapigwa picha kabla. Ilikuwa imebaki sauti tu."

Imebaki sauti tu!

Kabla sijapumua, Kamanda alikuwa jukwaani.

"Na ile sauti iliyowaliza wote… ni ya mchumba wangu! Njoo, mpenzi!"

Makofi, vigelegele, watu wananisukuma mbele. Nikapanda. Kamanda mwenyewe akanipa maiki.

"Tabasamu," akaninong'oneza.

Nikaishusha maiki, nami nikanong'ona. "Ulinichumbia ili unirekodi?"

Hakukataa, jamani. Laiti angekataa!

"Vyote viwili," akasema. "Kwani kuna ubaya? Imetoka vizuri kuliko chochote ulichosoma kwenye karatasi."

Vyote viwili…

Nilimtafuta mama kwa macho. Alikuwa amekaa wima katika gauni alilolishona kwa ajili ya siku ile, mikono imelala mapajani, anatazama skrini iliyozimwa kama mtu aliyefiwa na rafiki.

Nikainua maiki.

"Mliyemsikia mwishoni si Binti wa Simu," nikawaambia. "Ni mimi, siku niliyochumbiwa. Sikujua narekodiwa. Yule binti hakuwahi kusema ndiyo, na mimi ndiyo yangu sikuwapa ninyi. Naomba nimrudishie maneno yake."

Kamanda akanishika kiwiko. "Usithubutu."

Nikavua pete. Nikamgeukia.

"Nakupenda. Na jibu ni hapana."

Nikaiweka pete kiganjani mwake, nikaufunga mkono wake kidole kimoja kimoja.

Watu hawakujua kama bado ni filamu au ni maisha.

Kisha mtu mmoja akaanza kupiga makofi. Polepole, kwa nguvu, kwa viganja vya mtu aliyesukuma vitambaa maisha yake yote.

Mama.

Tangu hapo simu yangu haijapumzika. Kidoti analia kwamba nimemharibia siku yake. Wengine mnasema, si filamu tu, kitabu kipo, nani amekichoma? Kweli, kipo. Lakini kuna binti fulani sasa hivi ambaye hatakisoma, ataitazama filamu, na ataondoka anaamini hata yule mkaidi mwisho wake alisalimu amri. Mama yangu angeona mwisho ule, ningekulia nyumba ipi?

Shangazi naye alipiga.

"Mwanamke hamwaibishi mwanaume mbele za watu."

"Shangazi, yeye aliniaibisha mbele ya nani?"

"Ya nani?"

"Ya ukumbi huo huo."

Akakata.

Leo asubuhi akapiga Kamanda mwenyewe. Niko kwa mama, cherehani inakwenda, simu nimeiweka mezani kwa sauti ya wazi.

"Usikate," akasema. Sauti imepasuka. "Nimekosea. Siku hizi silali. Nimekukosea wewe, nimemkosea mama."

Nyie, mimi si jiwe. Moyo ulianza kulegea. Nilimpenda yule mtu, na sikusema uongo pale jukwaani.

"Naomba kitu kimoja tu," akasema.

"Sema."

"Ile hapana yako ya ukumbini… watu wameirekodi kwa simu, imesambaa kila mahali. Wafadhili wameipenda mno! Wamekubali turudishe mwisho wa kitabu."

Nikamtazama mama.

"Ila sauti zote zina mwangwi. Na ile uliyorekodi studio mwanzo haina uchungu kama hii. Unaweza kuja ukairudia?"

Mama akapunguza mwendo wa cherehani.

"Taratibu kidogo, mpenzi."

Cherehani ikasimama. Mama akainua uso, pini ziko midomoni. Akazitoa zote, akazichomeka kwenye kimto chake kidogo cha pini, ndipo akaiinamia simu.

"Baba," akasema kwa upole, "umekosea nambari."

Akakata. Akarudi kwenye sare zake.

Mnaotaka funzo, lichukueni hili: mwanaume anayebadilisha jibu la mwanamke kitabuni, mchunguze anavyolisikiliza jibu lako. Mimi nilikuwa na mswada wake mikononi, na bado sikumsoma.

Na ninyi wa kampuni ya filamu mlioniletea ujumbe kwamba mnasubiri nijitokeze hadharani, nimwombe radhi Kamanda, wafadhili na watazamaji… nimejitokeza. Niko hapa, kwa sauti yangu mwenyewe, na safari hii najua mnarekodi.

Siombi radhi.