Malkia Hawaji kwa Simu

"Posta ya nini? Mimi simu yangu inatosha."

Hayo niliyasema mimi, Corey Tregear, kwa kujidai, mbele ya kaunta ya posta ya kijiji chetu, Wirrabeen. Bi Noreen, mwenye kaunta, alikuwa akigonga mihuri.

"Vizuri, mwanangu," alisema. "Basi wewe hutapata shida."

Akabandika tangazo mlangoni. Alikuwa anastaafu. Hakuna aliyejitokeza kushika nafasi yake. Posta ingefungwa mwisho wa mwezi.

Kijiji kikafanya kinachokijua: kuandaa sherehe ya kuaga. Benki ilipofungwa, tulioka keki. Shule ilipofungwa, tulioka keki na kuchoma soseji. Kufungiwa tumezoea, na kuoka tunajua.

Mama yangu anafuga nyuki. Msimu huo mizinga yake mitatu haikuwa na malkia. Pasipo malkia hakuna anayetaga, na nyuki hupungua mpaka wakaisha. Malkia wapya huletwa kwa posta, kila mmoja ndani ya kizimba kidogo kama kiberiti, pamoja na nyuki wachache wa kumlisha.

"Mama, si uagize kwa simu tu?"

"Nimeshaagiza kwa simu, mjuaji wangu. Watakuja kwa simu pia? Watambae watoke kwenye kioo?"

Nikairudisha simu mfukoni.

"Posta ikifungwa, vifurushi vyetu vitakaa mji wa Dalgarra," Mama akaendelea. "Ni mbali, na vitawekwa kwenye banda la bati. Kwa joto hili malkia watafika wamekufa. Na sisi riziki yetu ni asali."

Jirani yetu Merv Haddrick alikuwa mlangoni kwetu. Zamani alifanya kazi katika ofisi ya mbunge. Alikuja kuuliza tutaoka keki gani, lakini alipomsikia Mama akavua kofia.

"Mbona tunaandaa matanga na mgonjwa bado anapumua?"

"Si imeshaamuliwa?" Mama aliuliza.

"Noreen kustaafu ni haki yake. Lakini posta si ya Noreen. Ni ya serikali, yaani ni yetu. Sheria inaitaka itufikie hata sisi wa mashambani, si watu wa mjini peke yao."

"Kwa hiyo tukapige kelele?" niliuliza.

"Kelele hazijibiwi, kijana. Waandikieni posta, muwaulize wamepanga nini badala ya kaunta hii. Nakala mpeni mbunge, aifikishe kwa waziri. Wakikaa kimya, yupo mpokea malalamiko ya posta, naye hatozi kitu. Na tafuteni mtu wa kushika kaunta, msiende mikono mitupu."

Basi sherehe ya kuaga ikageuka mkutano. Keki zililiwa, tusidanganyane. Lakini kabla ya kula, kila mtu alitia saini barua ya kwenda posta. Shirl, mwenye duka la chakula cha mifugo, alisema yuko tayari kuichukua kaunta, mradi afundishwe na alipwe.

Mbunge alikuja. Mama alimpeleka moja kwa moja kwenye mzinga.

"Weka sikio hapa, bwana."

Mbunge aliinama, tai yake ikagusa majani. "Mbona kama wanalia?"

"Wanalia. Hawana malkia. Wa kwao atakuja kwa posta, kama posta itakuwepo."

Hakutuahidi makubwa. Alisema atamuuliza waziri, na kweli alimuuliza. Posta wakatuma mtu, akaongea na Shirl, wakaelewana. Bi Noreen akakubali kubaki mpaka Shirl azoee. Malkia watatu wakafika wazima. Mama aliwatia mizingani, na baada ya muda kile kilio kikakoma.

Siku kaunta mpya ilipofunguliwa dukani kwa Shirl, kati ya magunia ya shayiri, alikuja mtangazaji wa redio. Alitafuta kijana wa kuhojiwa. Nikajisogeza.

"Mimi tangu mwanzo niliipigania posta hii," nilisema. "Kijiji bila posta ni kama..."

"Corey!" Bi Noreen aliita kutoka kwenye kaunta, akiinua boksi. "Mabuti yako uliyoagiza yamefika. Nikupe, au tungoje ile simu yako iyateme?"

Mtangazaji hakuzima kipaza sauti.